Rejista ya darasa na kalenda ya mwezi: wiki moja ya shule yetu hapa Tanga

Fundi Spoku (mleta mada)

Wanajamvi, habari za jioni. Shikamooni wakubwa.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tanga mjini, upande wa baharini. Kibanda changu kinatazamana na geti la shule ya msingi, kwa hiyo nitake nisitake nayajua ya shule: nani kachelewa, nani karudishwa kwa ajili ya nywele, nani kanunua barafu kwa hela ya daftari. Mwaka jana wazazi wakanichagua mjumbe wa kamati. Nadhani sababu ni kwamba siku ya mkutano pampu yangu ndiyo iliyojaza mipira ya watoto. Jina la shule sitalitaja, msinilazimishe. Anayeijua ataijua.

Kila tukizungumzia shule humu tunazungumzia matokeo ya darasa la saba. Yakitoka tunabandika ya kwanza na ya mwisho, tunatukanana siku tatu, tunalala. Mimi leo nasimulia wiki moja tu, hii iliyoisha. Ni ndefu, mwenye kahawa aivute karibu.

Jumatatu. Masika yalikuwa yamepiga usiku kucha, uwanja umegeuka bwawa, mstari ukapangwa barazani watu wamebanana kama dagaa. Wimbo wa Taifa, kucha, taarifa ya zamu. Kibendera cheupe cha darasa safi kikaenda la nne A kwa wiki ya tatu mfululizo, la sita wakaguna. La sita wana haki ya kuguna. Darasa lao liko chini ya mwembe. Wanafagia saa moja, saa mbili majani yamejaa tena, na chelewa zenyewe zimebaki vishina.

Saa nne ikagongwa kengele ya mapumziko. Watoto wanatoka getini kununua bagia na mihogo kwa dada mmoja mwenye meza pale, kisha wanarudi. Mimi nilikuwa nimepindua baiskeli ya mteja, nanyoosha rimu, nikahesabu wavulana wanane na wasichana watatu waliopita bila kugeuka, begi mgongoni, wakashika njia ya pwani. Mmoja alikuwa na kipande cha nondo kilichokunjwa ncha, kakichomeka kati ya shati na begi. Nikajua maji yamepwa.

Mwezi wa Mfungo Tatu, yaani Dhulhija, uliandama Jumapili usiku. Watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa, ila kwa ndugu zetu wa bara: mwezi ukiandama, na tena ukitimia, siku chache zinazofuata ni za bamvua. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Na kwa balaa la shule zetu, kwenye pwani hii maji ya bamvua yanafika chini kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana. Mwamba unabaki wazi, pweza yuko tunduni mwake, na Hisabati iko ubaoni. Siku za maji mafu bahari haitoki kiasi hicho, na watoto wote wanakaa darasani kama malaika.

Aliyeligundua hili shuleni si sisi wenyeji. Ni mwalimu wa darasa la tano, dada kutoka Bukoba, amehamia hapa mwaka huu. Mwanzo alidhani ni malaria. Akapekua daftari la mahudhurio tangu Januari, akaona watoro wanakuja kwa mafungu: siku tatu nne, kisha kimya wiki na zaidi, kisha fungu jingine. Siku aliyoleta baiskeli kuziba pancha akaniuliza, "Fundi, huku mna homa inayokuja kila baada ya wiki mbili?" Nilicheka hadi spana ikanidondoka. Huwezi kumlaumu, ziwa la kwao halipwi wala halijai.

Nikamwambia aende msikitini kwa ustadhi akaombe kalenda ya mwezi. Akaenda kweli. Akarudi, akaiweka mezani kwangu juu ya mafuta ya cheni pamoja na rejista yake, akaanza kutia nukta za kalamu nyekundu. Nukta zikaangukia mwezi mosi hadi mwezi nne, yaani siku nne za kwanza tangu kuandama, na mwezi kumi na tano hadi kumi na nane. Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Kumbe nafundisha na mshindani, na ratiba yake imepangwa vizuri kuliko yangu."

Hiyo ilikuwa Machi. Tulichojaribu wiki hii nakuja nacho, naenda kuswali isha.

Waja Leo

Umekatia patamu fundi! Niko Dar mwaka wa kumi na moja sasa, umenirudisha Ngamiani kwa ghafla. Mihogo na chachandu bado ipo? Sisi tuliosoma katikati ya mji tulikuwa tunatoroka kwenda kuchungulia mazoezi ya mpira uwanja wa Mkwakwani, hiyo ya pweza ni ya watoto wa pwani. Rudi usituache njiani.

Kiranja Mstaafu

Nimesoma. Simulizi tamu, ila mnachekea kitu kisichochekesha. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria. Si ombi. Hapo mtaani kuna mwenyekiti, kuna mtendaji, kuna afisa elimu wa kata. Waitwe wazazi kumi na mmoja, wawili wapelekwe mahakamani, bamvua linalofuata utaona geti lilivyo kimya. Enzi zetu ukitoroka babako ndiye aliyekuleta mstarini kwa sikio.

Nyuzi Kumi

Mimi mvuvi, nina la kusema kabla hamjafika mbali. Hao watoto wanachukua pweza wadogo. Kanuni za uvuvi za 2009 zinakataza kuvua pweza chini ya gramu 500, na mtoto wa darasa la tano hana mizani, ana njaa. Pweza anaishi mwaka na miezi kidogo tu, anakua upesi mno. Umwache mwezi mmoja unamkuta ni mwingine. Tukiwaruhusu kuparura mwamba kila bamvua hata sisi wakubwa tutarudi na vikapu vitupu.

Mama wa Mwambani

Kiranja mwanangu, kaa nikwambie. Mimi ndiye huyo unayetaka kumpeleka mahakamani. Mjukuu wangu ni mmoja wa hao, si shule ya fundi lakini ni kitu kile kile. Mimi magoti yangu hayaingii tena majini. Zamani nilikuwa nakwenda mwambani na mama yangu, wanawake tupu, tunaimba, tunarudi na pweza, na chaza, na kombe. Sasa anakwenda yeye. Pweza wawili wa kutosha ni daftari, kalamu, na unga wa siku mbili. Hiyo elimu bila ada nimeisikia, nashukuru, lakini viatu vina ada, soksi zina ada, na njaa ndiyo yenye ada kubwa. Mkinifunga, huyo mtoto atakwenda pwani kila siku, si bamvua tu.

Kiranja Mstaafu

Shikamoo mama. Sikukusudia wewe. Ila sheria haina mjukuu wa fulani.

Mama wa Mwambani

Marahaba. Njaa nayo haina.

Chaki Nyeupe

Mwalimu hapa, niko Pangani, shule ya pwani vile vile. Niongeze hesabu, maana nazipenda.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Hata tukisema yote inafika, mwaka wa masomo una siku 194. Gawanyeni. Ni shilingi 51 na senti kwa mtoto kwa siku, ndani yake chaki, karatasi za majaribio, ukarabati, michezo. Hiyo haipiki uji. Uji ni wa wazazi wenyewe wakikubaliana kupitia kamati.

La pili, na hili ndilo linanikosesha usingizi. Hao wa darasa la tano ndio wale walioanza mtaala mpya wakiwa la tatu mwaka 2024. Msingi kwao ni miaka sita. Mwaka 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja. Maana yake mtoto anayekwenda pwani leo hana "la saba" ya kujikusanyia, amebakiwa na mwaka mmoja na kitu. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi, siku tatu tatu. Piga mwenyewe.

Fundi, mlifanya nini?

Fundi Spoku

Nimerudi. Mama wa Mwambani, shikamoo. Nilikuwa nasubiri mtu kama wewe aseme, maana mimi nikisema naonekana natetea watoro.

Kamati tulikaa Aprili. Hoja ya Kiranja ilitolewa na mzazi mmoja kwa maneno karibu hayo hayo. Hoja ya mama nayo ikatolewa, na ukumbi ukawa soko. Mwisho tukaangalia tulicho nacho: mchango wa unga na sukari wa wazazi waliokubali, unaotosha kupika uji siku mbili kwa wiki. Tulikuwa tunapika Jumanne na Alhamisi kwa sababu... hakuna aliyejua sababu. Mwalimu wa Bukoba akasema, "Kwa nini siku hizo zisichaguliwe na mwezi?" Yaani wiki ya bamvua tupike siku za bamvua, saa nne kamili, ndani ya geti. Wiki ya maji mafu tupike siku yoyote. Haikuongeza hata senti. Mwalimu mkuu akakubali, akaongeza lake: majaribio ya Hisabati ya wiki yawe saa tano, siku hizo hizo.

Basi wiki hii ndiyo ya kwanza. Tukachagua Jumanne na Jumatano.

Jumanne tuliaibika. Kuni zililala nje, mvua ikazilowesha. Mama mpishi alifika saa kumi na mbili alfajiri, akapuliza hadi macho yakawa kama pilipili, moshi ukajaa hadi darasa la kwanza wakatolewa nje. Nilimpelekea vipande vya tairi bovu vya kuwashia, mwalimu wa afya akanifukuza, na alikuwa sahihi, harufu ya mpira ingeingia kwenye uji. Saa nne kengele ikalia, uji bado ni maji ya unga. Watoto wakapanga mstari na vikombe, wakasubiri, wakatazamana. Saa nne na robo nikamwona yule wa nondo anakiweka kikombe chake dirishani taratibu, kinywa chini, kama mtu anayeaga. Akatoka. Wakamfuata tisa. Uji uliiva saa tano kasoro.

Huyu mtoto wenzake wanamwita Nahodha. Yuko la tano, anaishi na bibi yake. Mkubwa kidogo kuliko darasa lake.

Sasa, Jumanne ile alirudi saa saba na nusu, suruali imeloa hadi kiunoni, na pweza mmoja kwenye mfuko wa sukari. Alitaka kupita upenuni kwangu kuelekea sokoni. Mwalimu wake akamkuta hapo hapo kibandani. Nikajua leo fimbo. Mwalimu akauliza, "Bei gani?" Mtoto akaganda. Akauliza tena. Nahodha akataja bei, mwalimu akapunguziwa, akalipa kutoka kwenye pochi yake, akasema, "Kesho saa nne na nusu utanisaidia kumfundisha huyu. Usipokuja mimi sijui pa kuanzia kukata."

Kiranja Mstaafu

Hapana, hapana, hapana. Mwalimu kanunua utoro! Wale waliobaki kusubiri uji wao walipewa nini? Kesho wote watakuja na pweza. Hii ndiyo shida ya walimu wa siku hizi, wanataka kupendwa.

Waja Leo

Kiranja punguza moto. Lakini hata mimi hapo nimekuna kichwa kidogo.

Fundi Spoku

Hata mimi nilimwambia hivyo hivyo jioni ile. Akanijibu kwamba amenunua zana ya kufundishia, na risiti hana. Nikamwambia kamati hailipi kitu kisicho na risiti. Tukaishia hapo.

Jumatano sasa. Kuni tulizilaza jikoni kwa mama mpishi usiku, saa nne kamili uji uko kwenye ndoo, mwepesi, wa moto, una ndimu. Waliotoka getini na begi nikahesabu wanne. La tano hakutoka hata mmoja, maana habari ya pweza ilikuwa imeshasambaa.

Niliacha kibanda nikaenda kusimama dirishani. Meza ya mwalimu ilitandikwa kiroba, pweza juu, mikono minane imelegea. Ndani ya darasa kuna harufu ya pwani hasa. Mwalimu alikuwa na wembe na kitabu. Nahodha hakuwa na kitu, alikuwa na vidole. Mwalimu akaanza kushusha wembe, kijana akasema, "Usikate hapo mwalimu, hapo pana wino, utachafua gauni." Darasa zima likacheka, mwalimu akampa wembe. Kijana akakifungua kichwa, ambacho mwalimu akasema kumbe si kichwa bali ndiyo mwili wenyewe wenye tumbo na vyote, akakiondoa kifuko cha wino kizima, cheusi kinang'aa, akakiweka kwenye kifuniko cha chupa.

Kisha mwalimu akawaonyesha mioyo. Mitatu! Mimi nimekula pweza tangu nina meno, sikujua. Miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja unasukuma mwilini. Na damu yake ina shaba mahali ambapo yetu ina chuma, ndiyo maana haiwi nyekundu, inapiga buluu. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, sasa akiishiwa damu anaongezewa na nani?" Mwalimu alikosa jibu, akaandika swali ubaoni pembeni.

Zamu ya Nahodha ilipofika akaeleza tundu. Alisema ukiona maganda ya kaa na chaza yamelundikana mlangoni, yumo. Ukiona amejivutia mawe mlangoni, kajifungia, msubiri. Na ukimchokoza na nondo asitoke, hata ukiumiza mkono wake, basi ni jike lenye mayai. "Huyo bibi anasema tumwache, maana hali chakula mpaka watoto watoke, halafu anakufa." Mwalimu akasimamisha kila kitu, akafungua kitabu, akasoma, akageuka. "Ni kweli," akasema. Basi. Lakini kijana alivyokaa, alikaa kama mtu mzima aliyepewa kiti mbele ya wazee.

Saa tano likaja jaribio la Hisabati. Mizani tuliazima dukani. Pweza alikuwa na gramu 640. Swali la kwanza: amezidi kiasi gani kile kipimo cha gramu 500? La pili: mikono minane ina uzito wa robo tatu ya mwili wote, kila mkono una wastani gani? (Hiyo robo tatu mwalimu kaitunga, msimwendee na mizani.) Gramu 500 alizitoa wapi? Mimi ndiye niliyemwambia, na mimi niliambiwa na wavuvi kama Nyuzi Kumi.

Walioikosa siku hiyo la tano: hakuna. Bamvua la mwezi mosi uliopita, darasa hilo hilo, siku kama hiyo, walikosekana kumi na tisa.

Nyuzi Kumi

Fundi, hapo kwa jike la mayai umenigusa. Nina miaka ishirini baharini na kuna vijana wangu wawili kwenye ngalawa hawalijui hilo, au wanajifanya. Huyo bibi yake Nahodha ni mtu wa mwamba haswa. Jike moja likiachwa, mayai yake ni maelfu kwa maelfu.

Mama wa Mwambani

Sisi tulikuwa tunaambiwa ukimtoa mwenye mayai mwamba unakununia. Sasa naona mwalimu anayo kwenye kitabu. Mbona hatukuulizwa mapema?

Chaki Nyeupe

Nakopi hii. Wiki ijayo kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji ya walimu nitaipeleka kama ilivyo, ila sisi pweza wetu tutamnunua sokoni asubuhi, kwa mwenye leseni, ili Kiranja alale.

Kiranja Mstaafu

Kiranja halali. Somo nimelipenda, siwezi kuwa mnafiki. Lakini nauliza: mwezi ujao hakuna pweza wa maajabu. Watakaa kwa lipi? Na hao wanne waliotoka ni wa darasa gani?

Fundi Spoku

Swali lako ni zuri na linauma. Wanne ni wa la sita na la saba, wakubwa, wavulana watatu na msichana mmoja. Msichana huyo namjua, mama yake kajifungua wiki iliyopita. Mwalimu wa malezi amekwenda nyumbani Alhamisi jioni, sikuuliza walizungumza nini.

Alhamisi sitakaa nayo sana. Ilikuwa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata. Netiboli wasichana wetu wamefungwa kwa goli moja, na refa tusimseme, yuko humu jamvini. Mpira wa miguu tumeshinda kwa penalti. Kipa wetu alivaa jezi ya Wagosi wa Kaya (Coastal Union) ya kaka yake, inamfika magotini, akaikunja kiunoni kama kikoi. Alidaka mbili. Waliporudi walipita kibandani kunishangilia mimi, kwa sababu ya pampu. Nilijifanya nina kazi nyingi.

Ijumaa ni siku fupi: usafi, kipindi cha dini, halafu wanatoka mapema watu wawahi msikitini. Lakini Ijumaa ndiyo iliyonitoa jasho kuliko siku zote. Nina ubao wangu pale kibandani, niliuandika mwenyewe kwa rangi: PANCHA 500. HAKUNA MKOPO LEO NJO KESHO. Umekaa miaka sita. Akaja mtoto wa darasa la pili, mdogo, anasubiri dada yake. Akasimama mbele ya ubao, kidole hewani. "Pa... ncha. Pancha." Akaendelea. "Ha-ku-na." Nikaacha cheni, nikamtazama. Huyu ni mtoto ambaye Februari mama yake aliniambia herufi zote kwake ni fito. Akafika mwisho, akarudia, akakunja uso. "Fundi, hapa umeandika njo." Nikamwambia ndiyo, njoo kesho. Akasema, "Njoo ina o mbili. Mwalimu alisema."

Miaka sita. Wazazi, walimu, diwani, wote wamepita hapo.

Rangi nyeupe imeisha dukani kwa jirani, kwa hiyo o ya pili nimeiandika kwa chaki aliyoniletea yeye. Mvua ya jana imeifuta, itabidi aniletee nyingine.

Waja Leo

Mimi nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wananitazama. Bila picha ya ubao uzi haujakamilika.

Mgosi wa Muheza

Nimechelewa uzi lakini nimesoma wote. Huku kwetu hakuna bamvua, kuna machungwa. Msimu ukiiva, wavulana wa la sita wanahamia kwenye malori, kupakia. Kalenda yetu si ya msikiti, ni ya mnunuzi kutoka Dar na Mombasa. Nitamwambia mwalimu mkuu wetu atie nukta nyekundu. Fundi, mmefanya jambo.

Kiranja Mstaafu

Fundi, hujajibu la kwanza. Mwezi ujao watakaa kwa lipi?

Fundi Spoku

Sijajibu kwa sababu leo asubuhi ndiyo nimeligundua tatizo lenyewe, na si la mwezi ujao, ni la karibu zaidi.

Nahodha alipita kibandani leo Jumamosi na bibi yake. Bibi alikuja kumwona mwalimu, hakujua Jumamosi hayupo. Amekaa kwenye benchi langu, ameniuliza mtihani wa kufunga muhula ni lini. Nikamwambia unaanza Jumatatu ile ya baada ya Idi Kubwa. Bibi hakutoa kalenda wala simu. Alihesabu kwa vifundo vya vidole, midomo inacheza, akanitazama. "Mwezi kumi na tano hiyo," akasema. "Na Hisabati?" Nikamwambia Jumanne, saa nne.

Nimekwenda kuichungulia kalenda ya ustadhi. Ni kweli tupu. Mtihani wote umelala juu ya bamvua kama umetegwa. Ratiba ya mtihani si ya shule yetu peke yetu, kwa hiyo kuisogeza sahau. Bibi amesema siku hizo tatu mjukuu hatakwenda mwambani, ila nimweleze mwalimu kwamba asubuhi hizo kijana atatoka nyumbani bila kitu tumboni. Kasema hivyo mbele yake, kijana anatazama pedeli.

Unga uliopo unatosha siku mbili, nahitaji ya tatu. Jumatatu naingia kwa mwalimu mkuu na kalenda mkononi. Wazazi wawili wamekwishanipigia kutoa sukari. Kinachonitisha ni kuni, maana mvua bado ipo.

Mama wa Mwambani

Kuni ninazo, za mwembe, ulianguka mwaka jana, nimezipanga ukumbini hazijaona tone. Nitumie mtu na guta Ijumaa, asubuhi, kabla sijatoka. Na aje na kamba, la mwisho alilokuja nalo mtu wa harusi liliangusha nusu njiani.